Maharimu wa Mama

Mama alifariki asubuhi, na kabla maji ya kumwoshea hayajapata moto, mjomba, kaka yake wa pekee, alinivuta pembeni uwani akaniambia niiulize ile mashine yangu: ni wanaume gani walioko hapa mjini wanaoruhusiwa kushuka kaburini kumpokea. Kwetu, kaburi la mwanamke hashuki kila mtu. Wanashuka maharimu wake, yaani wanaume ambao dini imewaharamishia kumuoa milele, na ndio hao hao ambao akiwa hai hakuwa na haja ya kujifunika mbele yao. Nikasema sawa. Nikaenda kutafuta kompyuta huku najifuta kamasi kwa kiganja kama mtoto.

Mjomba akiisema hiyo mashine utadhani ni jini la kwenye chupa. Ni programu tu. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, ofisi yetu iko Mchafukoge, juu ya duka la vitambaa la mzee mmoja wa Kihindi ambaye kila asubuhi badala ya kunisalimia ananiuliza kama nimeshaoa. Nilivyoanza kazi nilizoea kuhifadhi habari kwenye majedwali, safu chini ya safu. Halafu wakatuletea aina nyingine ya kanzidata, isiyo na majedwali. Hii ina nukta na mistari. Kila mtu ni nukta, na kila uhusiano ni mstari unaotoka kwa huyu kwenda kwa yule, na mstari una jina lake: amezaliwa na, ameolewa na, amelelewa na. Ukitaka kujua jambo unaandika swali: anzia kwa fulani, pita kwenye mistari ya aina hii na hii, niletee wote utakaowafikia. Yenyewe inafuata mistari. Kama mstari haupo, mtu huyo haletwi, na hakuna wa kumbembeleza.

Nilitaka kitu cha kujifunzia, nikaona hakuna kitu kilichofungamana kama ukoo wetu wa Lindi. Watu wameoana, wameachana, wamerudiana, wamegawana watoto wa kulea, nusu wako huko kusini na nusu tumejaa Ilala na Kariakoo. Nikaanza kuwaingiza mmoja mmoja, nikiuliza kwenye kundi letu la simu. Mwanzoni walinicheka. Baadaye wakaanza kuniuliza wao: yule aliyeoa juzi kule Mtwara ni nani kwangu, nimuite baba mdogo au kaka? Nauliza programu, najibu. Wakanipa jina la Mheshimiwa Kompyuta, na kwenye harusi wananipisha mbele kwa dhihaka.

Nukta ya kwanza kabisa niliyoiweka ilikuwa yangu, na ya pili ilikuwa ya mama. Mama huyu hakunizaa, na jambo hilo halikuwa siri hata siku moja. Mama aliyenizaa alifariki siku niliyozaliwa. Baba naye aliugua akamfuata nikiwa wa miezi sita, nikafungwa kwenye kanga nikaletwa Dar kwa kaka yake mkubwa. Mke wa huyo baba mkubwa ndiye mama. Baba mkubwa hakukaa sana, alifariki nikiwa darasa la pili, kwa hiyo tukabaki watatu nyumbani: mama, binti yake wa pekee ambaye ni dada yangu, na mimi. Nikitaja mama namtaja yeye. Sijawahi kuwa na mwingine wa kumtaja. Kwenye programu, kati yangu na yeye, niliandika ukweli: amelelewa na. Nilipouandika mstari ule niliona fahari, maana wengine walikuwa nao kwa jina tu na mimi nilikuwa nao kwa miaka yote ya maisha yangu.

Aina ya nne ya mstari, ile ya maziwa, nilifundishwa na mama mwenyewe. Vijana wawili wa ukoo walitaka kuoana, posa imeshapokelewa, bibi mmoja akatoa sauti kwenye kundi kwamba hawa walinyonya titi moja utotoni. Ikawa balaa. Mliokunywa maziwa ya mama mmoja mmekuwa ndugu, na aliyewanyonyesha ni mama yenu, hata kama damu ni mbali. Hakuna kuoana hapo. Programu yangu haikuwa na mstari wa maziwa. Nikaenda kwa mama, nikamkuta uwani ameketi mkekani anachambua mchele, nikamwambia nahitaji kujua nani kwenye ukoo alinyonya kwa nani.

Jamani, yule mwanamke alikuwa na kichwa. Alianza na watu waliozaliwa kabla ya baba yangu. Huyu alinyonya kwa shangazi yake kwa sababu mama yake alilazwa. Yule alinyonya kwa wanawake wawili, ndiyo maana ni mnene mpaka leo. Pacha wa nyumba ile, mmoja alinyonyeshwa na mke mwenza, tena kwa kulazimishwa. Anacheka, anapepeta, anatupa chuya kwa kuku, na mimi naandika: amenyonya kwa, amenyonya kwa. Wale vijana hawakuwa na mstari wa maziwa kati yao, bibi alikuwa amechanganya majina, wakaoana. Mjomba alitoka kwenye harusi ile akiwa muumini wa programu yangu. Baadaye palitokea ugomvi kwenye maziko ya shangazi mmoja, watu wakibishana makaburini nani ni maharimu na nani si maharimu, huku maiti anasubiri juani. Mjomba aliona aibu kubwa. Akanipeleka kwa ustadhi wa msikitini kwetu, ustadhi akanieleza kanuni yote: damu, ndoa, maziwa, nani anaingia kwa mlango upi. Nikaigeuza kuwa swali ambalo unaweka jina la mwanamke tu, majina ya maharimu wake yanatoka.

Basi asubuhi ile niliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, kompyuta magotini, nikaliandika jina la mama. Nililiandika kwa haraka kwa sababu jibu nilikuwa nalo. Wa kwanza ni mimi. Nani mwingine? Nilichokuwa natafuta ni wa kunisaidia.

Yakaja majina matatu. La kwanza lilikuwa la mjomba. La pili la mtoto wa mjomba, ambaye yuko Lindi na asingefika kabla ya alasiri. La tatu lilikuwa la mtalaka wa dada yangu. Jina langu halikuwamo.

Nikadhani nimekosea. Nikaliandika upya. Majina matatu yale yale. Nikafungua kanuni nikaisoma neno kwa neno, nikiwa na hasira ya mtu anayejua mashine imekosea na anatafuta wapi. Haikuwa imekosea. Mume wa binti ni maharimu wa mama mkwe wake tangu siku ya kufunga ndoa, na hata akiacha, hata akiacha kwa matusi na kuoa mwezi uliofuata kama alivyofanya yule bwana, uharamu ule hauondoki. Lakini mtoto wa ndugu wa mume ni mtu baki. Ustadhi aliniambia hivyo hivyo, nami niliandika hivyo hivyo, nikinywa chai yake ya tangawizi, wala sikujiuliza yule mtoto wa ndugu wa mume ni nani. Ulikuwepo mstari mmoja tu ambao ungeniingiza, ule wa maziwa, na huo sikuwa nao. Kulelewa hakumo kwenye kanuni. Unaweza kulelewa na mtu miaka thelathini, ukafunzwa naye kuoga, kusali, kutambua samaki mbichi na aliyelala, na bado hakumo.

Ningeweza kuitupa ile kompyuta ukutani. Ndani nilisikia wanawake wanapanga nani ashike birika na nani ashike pamba, na sauti ya dada akiwaelekeza. Mlango umefungwa. Mtu wa kumuuliza alikuwa mle ndani.

Nikaandika mstari. Ni kazi ndogo sana, ndogo kuliko kutuma ujumbe. Kutoka kwangu kwenda kwa mama: amenyonya kwa. Nikauliza tena, na jina langu likatokea juu kabisa, mwana wa kunyonya. Wallahi nilifurahi. Mama yangu amelala ndani amefunikwa shuka, na mimi nimeketi kwenye ndoo nafurahi. Nani angebisha? Mtoto wa miezi sita analetwa kwa mwanamke, si angenyonyeshwa? Kila mtu angesema ndiyo, bila shaka.

Lakini mimi nilikuwa najua, na nilichokuwa nacho ni macho yangu tu. Nilipofika umri wa kuota ndevu, siku moja nilirudi kutoka shule nikamkuta uwani, nywele wazi, dada anamsuka. Niliingia kama nilivyoingia siku zote. Akavuta kanga haraka akajifunika kichwa. Tangu siku ile sikuziona tena nywele za mama. Aliacha kunishika mkono. Sahani yangu aliiweka mkekani, nami naiokota. Siku za Idi nilimpa shikamoo nimesimama mlangoni, naye alinijibu marahaba na dua ndefu kuliko aliyompa mtu mwingine yeyote, lakini kutoka pale alipoketi. Nilidhani ndivyo akina mama wanavyofanya mtoto wa kiume akikua. Hata mwezi uliopita, miguu imeshakataa, nilipoinama nimwinue kumpeleka kwenye gari la hospitali, alinizuia kwa kiganja akasema nimwite dada. Nilikasirika. Nilisema moyoni kwamba mama anaona aibu kwa sababu ya ugonjwa.

Sasa nilielewa, na nilielewa pia nilichokuwa nafanya. Kama mstari ule ni kweli, basi miaka yote ile alijifunika mbele ya mwanawe bure. Alikataa mkono wa mwanawe bure. Alikuwa mwanamke aliyejua titi la kila mtoto wa ukoo, ningemwacha aende kaburini ameonekana hajui la kwake. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hapo. Niliufuta. Jina langu likaondoka, yakabaki yale matatu.

Mjomba akaja, anachechemea, kisukari kimeshamla vidole vya mguu mmoja. Akainama kwenye kioo akasoma. Akasoma tena.

"Mbona wewe humo?" akaniuliza. "Si alikunyonyesha?"

Mjomba miaka ile alikuwa Lindi, hakujua. Nilimwona usoni kwamba anataka niseme ndiyo. Alikuwa ananipa nafasi, mzee wa watu, na angeipokea ndiyo yangu bila kuuliza mara ya pili.

"Hapana, mjomba," nikasema. "Sikunyonya kwake."

Akasema kwamba yeye atashuka hata kama watamtoa kwa kumbeba, na wawili wanatosha kwa sababu mama alishabaki mwepesi, basi niende nikamwite yule bwana.

Namba yake nilishaifuta kwenye simu siku alipompa dada talaka, nikijiona nimemkomesha. Ikabidi niende kwa miguu mpaka Kariakoo, kwenye duka lake la mapazia. Ilikuwa saa ya mizigo, mikokoteni imeziba njia, wachukuzi wanapiga mluzi tupishe, mtu ananipandishia suruali kifuani anasema kaka hii saizi yako kabisa. Nilitembea nalia katikati ya watu wote hao na hakuna aliyeshangaa. Nilimkuta anampimia mteja kitambaa. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwa ukavu na kuondoka. Nilipomwambia, aliweka mkasi chini, akaketi juu ya marobota yake, akalia kwa sauti. Alinikera. Nilitaka awe mbaya mpaka mwisho. Akafunga duka, mteja bado ameshika pesa mkononi, akanifuata.

Tukazika baada ya alasiri. Mjomba alishushwa, yule bwana akaruka ndani, na juu ya kaburi tukatandaza shuka la kijani, wanaume wanne, kila mmoja na pembe yake, ili anayepokelewa asionekane. Mimi nilipewa pembe ya upande wa kichwa. Aliyeshika shuka haangalii chini. Niliangalia ukuta wa makaburi na nguo za watu zilizoanikwa ng'ambo yake, jeneza likafunguliwa, uzito ukapita chini ya mikono yangu na haukunigusa. Nilimsikia mjomba akihema. Halafu nikamsikia yule bwana, kwa sauti ya chini kabisa, ya adabu, ya mkwe: "Samahani, mama." Nadhani ndipo alipokuwa anamgeuza uso kuelekea kibla. Pembe yangu ikalegea mpaka mtu wa pembe ya pili akanong'ona nikaze shuka. Nilikaza. Nilimwonea wivu yule mwanaume kwa namna ambayo sijawahi kumwonea mtu yeyote, na naomba Mungu nisirudie.

Tulirudi nyumbani jua likielekea kuzama. Watu wamejaa chini ya turubai, wananipa mkono, pole kwa kufiwa na mama, pole sana, na mimi naitikia tumeshapoa. Kila pole ilinichoma. Nikaingia ndani kwa dada. Wanawake hawaendi makaburini kwetu, wanabaki nyumbani kusubiri kuambiwa. Alikuwa ameketi kwenye godoro peke yake, amelitazama birika lililotumika kumwoshea mama.

"Umemlaza vizuri?" akaniuliza.

Ningeweza kusema amelala vizuri na nikatoka. Lakini siku ile nilishamwambia mjomba ukweli mgumu zaidi, nikaona nimalizie. Nikamwambia sikumlaza mimi. Nikamwambia aliyemlaza ni mtalaka wake pamoja na mjomba, na mimi nilishika shuka. Nikamweleza kwa nini. Nilisimama mlangoni nikisubiri hasira, maana jina la yule bwana halitajwi ndani ya nyumba ile.

Hakuuliza hata habari zake. Alinitazama mimi.

"Alijaribu," akasema.

Sikumwelewa. Akaniambia nikae, sikukaa, akanisimulia hivyo hivyo nimesimama. Nilipoletwa yeye alikuwa na miaka saba, ameshaacha ziwa siku nyingi, na mama hakuwa amezaa tena. Mama alinichukua akaingia nami chumbani akaniweka titini. Kesho yake tena, na keshokutwa. Walimwambia uji wa mtama unaleta maziwa, akanywa uji wa mtama. Walimwambia supu ya pweza, akanywa supu ya pweza mpaka akatapika. Dada ndiye aliyekuwa anapeleka bakuli. Mimi nilinyonya titi kavu, nikalia, nikalishika tena, na mama alikuwa analia juu yangu, chuchu zimechanika. Kwa wiki nzima na zaidi hakutaka kusikia maziwa ya kopo yakitajwa, mpaka baba mkubwa alipoingia kwa nguvu akasema basi sasa, mtoto atatufia, akaenda mwenyewe dukani.

"Na alikuwa anakubembeleza," dada akasema. "Kila akikuweka, neno ni hilo hilo. Nyonya, baba, uje unizike."

Nikaketi palepale mlangoni, na dada akainuka akaja akanishika kichwa.